Somo kwa Vyama vya Msingi: Maana ya Neno "Inaoza"

Katibu wa chama cha msingi aghalabu ndiye mtu wa kwanza kukutana na muuzaji wa pembejeo. Zamani muuzaji huyo alikuja na mbegu, dawa na mabomba ya kunyunyizia. Siku hizi aweza kuja pia na nailoni nyeusi ya kutandaza juu ya matuta, au na mbolea ambayo kila punje yake imevikwa ganda jembamba ili itoe chakula cha mmea polepole. Endapo karatasi ya maelezo inasema kwamba bidhaa hiyo inaoza yenyewe shambani, bei yake huwa kubwa kuliko ya nailoni ya kawaida. Ni haki ya mwanachama kujua anachonunua kwa nyongeza hiyo ya bei, na ni wajibu wa katibu kukiuliza kabla ya mkataba kutiwa sahihi.

Sababu ya kutandaza inafahamika kwa kila mkulima wa Dodoma. Mvua ni kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka Novemba. Tuta lililofunikwa hupoteza maji kidogo, na magugu hayapati mwanga wa kuotea. Jambo hili si geni, kwani wazee walitandaza nyasi na mabua. Lakini katika Ugogo mabua yaliyobaki baada ya mavuno ni malisho ya ng'ombe, na desturi ni kuwaachilia mifugo waingie mashambani. Mkulima atandazaye mabua yake mwezi Juni aweza kuyakuta yameliwa yote kabla ya Julai kwisha. Ndiyo maana nailoni, ambayo ng'ombe hapaswi kuila, ilipata wafuasi.

Nailoni hiyo hutengenezwa kwa polima iitwayo polietilini, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 Emery Emmert, mwalimu wa kilimo cha bustani katika Chuo Kikuu cha Kentucky huko Marekani, aliijaribu katika vitalu na matuta ya mboga, na kutoka hapo ikaenea duniani. Sifa yake kubwa ndiyo pia kasoro yake: vijidudu vya udongoni havina uwezo wa kuila kwa kasi yoyote yenye maana kwa mkulima.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hili. Mkulima afunikaye meta za mraba 2,400 katika ekari yake kwa nailoni yenye unene wa mikroni 25, yaani sehemu 25 za elfu za milimita moja, ametandaza kiasi cha kilo 55 za plastiki. Msimu ukiisha huivuta na kuikusanya, lakini nailoni iliyopigwa jua miezi mitano huchanika mikononi. Ikiwa sehemu moja tu kati ya kumi itabaki udongoni, hizo ni kilo tano na nusu kila msimu. Baada ya misimu kumi shamba litakuwa limefukiwa nailoni nzima ya ekari moja, ila imo vipande vipande. Mizizi huzuiwa, maji hayapenyi sawasawa, na jembe hutoka na matambara. China, nchi itumiayo nailoni ya matandazo kuliko zote, ilipata hasara hiyo hasa katika mashamba ya pamba ya Xinjiang. Kiwango chake kilichoanza kutumika mwaka 2018 kiliamuru kwamba nailoni isiwe nyembamba kuliko mikroni 10, ili walau iweze kukusanywa bila kukatika. Funzo hilo linafaa hata kwa asiyenunua nailoni inayooza: ile iliyo rahisi kwa sababu ni nyembamba sana ndiyo ghali kuiondoa.

Nao ng'ombe huingia. Vipande vilivyobaki humezwa pamoja na mabua, navyo havisagiki tumboni. Kuvichoma kando ya shamba si dawa, maana moshi wake una sumu. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 1 Juni 2019, na mifuko ya Rambo ikatoweka madukani; lakini kanuni hizo hazikugusa plastiki itumikayo katika kilimo. Kwa hiyo hadhari ilibaki mikononi mwa mkulima na chama chake.

Sasa lije neno lenyewe. Katika biashara, "inaoza" hutumika kwa mambo matatu yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni plastiki ya kawaida iliyotiwa chumvi za madini ili jua liivunje upesi. Hiyo haiozi, inapukutika tu. Vipande huwa vidogo hata jicho lisivione, lakini vimo udongoni vile vile. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku bidhaa za aina hii kuanzia Julai 2021. La pili ni plastiki inayooza katika biwi la mboji la kiwandani. Kiwango chake cha Ulaya, EN 13432, hupimwa kwenye joto la karibu nyuzi 58 kwa muda usiozidi miezi sita. Joto hilo halipo katika shamba lolote la Hombolo wala Bahi, kwa hiyo cheti cha aina hii hakimhakikishii mkulima lolote kuhusu tuta lake. La tatu, ambalo ndilo linalotakiwa, ni kuoza ndani ya udongo wa shamba. Kiwango cha Ulaya kwa nailoni za matandazo ni EN 17033 cha mwaka 2018, na kile cha kimataifa ni ISO 23517 cha mwaka 2021.

Inafaa katibu aelewe jinsi kipimo hicho kinavyofanywa, kwa kuwa hapo ndipo udanganyifu hujulikana. Wapimaji hawaangalii kama nailoni imetoweka machoni. Huiweka pamoja na udongo katika chombo kilichofungwa, kisha hupima hewa ya ukaa inayotoka. Kijidudu kinapokula polima hupumua kaboni yake kama vile mtu anavyopumua chakula chake. Plastiki iliyopukutika bila kuliwa haitoi hewa hiyo. EN 17033 inataka asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka hewa ya ukaa ndani ya miezi 24, katika joto kati ya nyuzi 20 na 28. Pamoja na hayo hutakiwa uthibitisho kwamba mabaki hayadhuru mimea, nyungunyungu wala vijidudu vya udongo, na kwamba madini mazito hayazidi kipimo.

Hata hivyo cheti halali nacho kina mpaka wake. Udongo wa maabara huwekwa katika unyevu usiobadilika miezi yote 24. Udongo wa Dodoma hukauka kabisa tangu Mei hadi Novemba, na kijidudu kisicho na maji hakifanyi kazi. Joto la huku si pungufu. Kinachopungua ni maji. Kwa sababu hiyo miaka miwili ya maabara yaweza kuwa mingi zaidi katika shamba lisilomwagiliwa, na chama kinachofukia nailoni mpya kila msimu kwa kutumaini ile ya zamani imekwisha chaweza kujikuta kinalimbikiza. Katika tuta la matone, ambamo unyevu haukatiki na samadi imetiwa, matumaini ni makubwa zaidi.

Mbolea iliyovikwa ganda ina hesabu yake. Maji huingia ndani ya punje, hiyeyusha urea, nayo hupenya kidogo kidogo kwa majuma au miezi. Kazi ikiisha, ganda tupu hubaki. Huko Japani maganda ya namna hii yametoka katika mashamba ya mpunga yakafuata mifereji mpaka baharini. Sheria ya mbolea ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 iliweka sharti kwamba kuanzia tarehe 16 Julai 2026 polima za maganda hayo, na vile vile za chembechembe zinazonyonya maji na kuyahifadhi karibu na mizizi, ziwe zinaoza: asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi 48 baada ya muda wa kazi yake kwisha. Chembechembe hizo za maji hupendeza sana katika nchi kavu, nazo nyingi hutengenezwa kwa polima inayochelewa mno kuoza. Bidhaa yoyote iitwayo mbolea lazima pia iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania; usajili huo uulizwe kwanza, kisha ganda.

Kamati ya chama iombe namba ya kiwango na nakala ya cheti chenye jina la bidhaa ile ile inayouzwa. Pakikosekana namba, au ikitajwa EN 13432 peke yake, nailoni hiyo ihesabiwe kuwa ya kawaida na ilipiwe bei ya kawaida.

Hata cheti kikipatikana, chama chaweza kujipimia chenyewe kwa gharama ndogo. Vipande vya nailoni inayouzwa, vya polietilini ya kawaida, na vya kitambaa cha pamba tupu vikatwe sawa, kila kimoja kitiwe katika mfuko wa wavu, na vifukiwe kina cha sentimeta 15 mahali pawili: ndani ya tuta linalomwagiliwa na nje yake. Pamba ndiyo shahidi. Ikiwa yenyewe haijaoza, udongo huo haukuwa na uhai au maji ya kutosha, wala nailoni isilaumiwe bado. Mifuko michache ifukuliwe kila baada ya miezi mitatu, ioneshwe mkutanoni, na tarehe ya kufukia, kufukua na hali ya kila kipande viandikwe katika daftari la chama pamoja na siku za mvua. Kipimo hiki hakioni vipande vidogo mno, kwa hiyo hakichukui nafasi ya cheti. Lakini kitaonyesha katika mwaka mmoja kama nailoni ile inaifuata pamba au inaifuata polietilini.