Mitambo ya Mirihi Darasani: Kufundisha Kusikiliza kwa Kupima

Utangulizi

Miongoni mwa stadi nne za lugha, yaani kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, ile ya kwanza ndiyo ambayo aghalabu hupewa nafasi ndogo katika maandalio ya masomo. Mwalimu hudhani kwamba mtoto mwenye masikio mazima amekwisha kujua kusikiliza. Lakini kusikia si kusikiliza, na kusikiliza si kupima. Mwanafunzi aweza kuyarudia maneno yote ya msemaji pasipo kujiuliza msemaji huyo ni nani, ameyapata wapi, na anayasema kwa kusudi gani.

Makala hii inapendekeza njia moja ya kufundisha upimaji huo katika kidato cha pili au cha tatu, kwa vipindi vitatu vya dakika 40 kila kimoja. Kifaa chetu ni hadithi ya kubuni: ile ya mitambo mikubwa kutoka sayari nyingine inayouteketeza mji wa wanadamu. Yamkini mwalimu atauliza, kwa nini tuchague jambo la ajabu kiasi hicho? Jibu ni kwamba hadithi hiyo ina historia isiyo ya kawaida. Ilipotolewa kitabuni ilisomwa kama hadithi. Ilipotolewa redioni kwa umbo la taarifa ya habari, wako walioisadiki. Na katika mji mmoja ikaleta vifo. Kisa ni kile kile; kilichobadilika ni umbo lake tu.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Kitabu chenyewe ni The War of the Worlds cha Mwingereza H. G. Wells, aliyesomea sayansi na aliyepata pia kuwa mwalimu. Kilitolewa kwa sehemu katika jarida mwaka 1897, na kama kitabu mwaka 1898. Silinda kutoka sayari ya Mirihi zinaanguka karibu na mji wa Woking, kusini magharibi ya London. Watu wanakusanyika kutazama. Wajumbe wanaokwenda na bendera nyeupe wanateketezwa kwa mwali wa joto. Kisha viumbe wa Mirihi wanajitokeza ndani ya mitambo ya miguu mitatu, mirefu kuliko nyumba. Mizinga yauangusha mtambo mmoja, na manowari moja yapambana nayo mpaka inaangamia. Lakini kwa jumla jeshi linashindwa. Moshi mweusi wa sumu unatandazwa, na wakazi wa London wanaukimbia mji wao. Mwishoni wavamizi wanakufa wote, nao hawakuuawa kwa silaha yoyote, bali kwa bakteria wa dunia hii, ambao miili yao haikuwa na kinga dhidi yao.

Hapa kuna jambo la msamiati. Wanafunzi wengi wataiita mitambo hiyo "roboti". Neno hilo lilienea ulimwenguni kutokana na tamthilia ya R.U.R. ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920, nalo latokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Roboti hutenda bila ya dereva. Mitambo ya Wells, kinyume chake, ina kiumbe aliyeketi ndani na kuiongoza. Tofauti hii si ndogo: mtambo wenye dereva una mtu wa kuulizwa.

Jambo la pili lahusu tafsiri. Mwaka 1877 mtaalamu wa nyota wa Italia, Giovanni Schiaparelli, alisema ameona mistari juu ya Mirihi, akaiita "canali". Kwa Kiitaliano neno hilo laweza kuwa mikondo ya asili au mifereji iliyochimbwa. Waliotafsiri kwa Kiingereza walichukua maana ya pili. Na mfereji uliochimbwa wahitaji mchimbaji. Mwaka 1895 Mmarekani Percival Lowell alitoa kitabu kizima cha kutetea fikra hiyo. Ndiyo kusema wasomaji wa Wells walikuwa wamekwisha kuandaliwa na neno moja lililofasiriwa vibaya. Chombo cha Mariner 4 kilipopita karibu na Mirihi mwaka 1965 na kupiga picha, hapakuonekana mfereji wowote.

Jambo la tatu ni redio. Jumapili tarehe 30 Oktoba 1938, kikundi cha Orson Welles kiliigiza kisa hiki katika redio ya CBS huko Marekani. London ikawekwa kando, na silinda ikaangushwa Grover's Mill, katika jimbo la New Jersey. Sehemu kubwa ya mchezo ilitolewa kama muziki wa dansi unaokatizwa na taarifa za dharura. Ilitangazwa mwanzoni kwamba huo ni mchezo, lakini waliofungua redio zao baadaye hawakulisikia tangazo hilo. Tarehe 12 Februari 1949, Radio Quito ya nchi ya Ecuador ilitoa mchezo wa namna hiyo. Wasikilizaji walipojua wamedanganywa, umati wenye hasira ulilitia moto jengo la redio hiyo na la gazeti la El Comercio, na watu kadhaa wakafa.

Kipindi cha kwanza: Hadithi

Mwalimu aisimulie hadithi kwa dakika zipatazo 15, pasipo kusoma karatasi. Aichore mitambo ubaoni au amwite mwanafunzi aichore; kigoda cha miguu mitatu chatosha kuwa mfano. Kisha aulize: Kwa nini watu walikwenda kutazama badala ya kukimbia? Kwa nini mwandishi hakulipa jeshi ushindi? Wanafunzi watafute methali inayofaa mwisho wa hadithi. Wengi watafikia "Mdharau mwiba mguu huota tende", nayo yafaa, maana waliolishinda jeshi la London walishindwa na viumbe wasioonekana kwa macho.

Kipindi cha pili: Umbo la habari

Mwalimu aandike ubaoni vifungu viwili kama hivi:

(a) Paliondokea mtambo mkubwa wenye miguu mitatu. Ukashuka katika shamba la mkonge, ukaikanyaga reli kama mtu akanyagavyo bua la mtama.

(b) Tunakatiza muziki ili kuwaletea habari iliyotufikia sasa hivi. Mtambo mkubwa wenye miguu mitatu umeonekana katika shamba la mkonge. Reli imekatika. Mkuu wa polisi amewataka wananchi wasikaribie. Mtaalamu mmoja amesema hajapata kuona kitu cha namna hiyo.

Wanafunzi walinganishe. Kisa ni kimoja, lakini (b) chaelekea kusadikiwa zaidi. Wapigie mstari maneno yanayokipa nguvu: "sasa hivi", "mkuu wa polisi", "mtaalamu mmoja". Kisha waulizwe: Mkuu wa polisi wa wapi? Mtaalamu gani? Habari imewafikia kutoka kwa nani? Watagundua kwamba maneno yanayoaminisha ndiyo yasiyo na jina wala mahali. Baada ya hapo kila kundi liandike kifungu chake kwa umbo la (a) na la (b), kisha makundi yabadilishane na kupigiana mistari.

Tahadhari. Wako walimu watakaotamani kuingia darasani na kuwasomea wanafunzi kifungu (b) kana kwamba ni habari ya kweli, ili wawaone wakishtuka na kisha wawafunulie. Ninashauri kwa nguvu zote kwamba jambo hilo lisifanywe. Kwanza, mtoto aliyedanganywa na mwalimu wake hujifunza kutomwamini mwalimu, wala hajifunzi kupima habari. Pili, aliyeaibishwa mbele ya wenzake hutetea kosa lake badala ya kulichunguza. Tatu, mwalimu hajui ni mtoto gani darasani mwake amepata kukimbia vita au moto kwa kweli. Mfano wa Quito watosha kutuonyesha kwamba hasira ya aliyedanganywa haina kipimo. Umbo la habari lichunguzwe waziwazi, kama fundi anavyoifungua saa mbele ya mwanagenzi.

Kipindi cha tatu: Kupima habari

Kipindi hiki ndicho kiini cha somo. Mwalimu aandike maswali manne ubaoni: Nani anasema? Amejuaje? Nani mwingine, asiyemtegemea huyo, amesema vivyo hivyo? Nani atanufaika nikisadiki?

Kisha awape wanafunzi kauli hii wapime: "Mwaka 1938 taifa zima la Marekani lilitaharuki kwa sababu ya mchezo wa redio." Kauli hiyo imerudiwa katika vitabu vingi, na yamkini wengi wetu tumeifundisha hivyo. Lakini katika uchunguzi wa simu uliofanywa usiku ule ule, ni asilimia 2 tu ya waliohojiwa walioeleza kwamba walikuwa wakisikiliza mchezo huo. Wengi walikuwa katika kipindi maarufu cha vichekesho cha redio nyingine. Wako waliotishika kweli, lakini taharuki ya taifa zima ilikuzwa na magazeti. Nayo magazeti wakati ule yalikuwa yakishindana na redio kwa ajili ya matangazo ya biashara, hata yakawa na sababu ya kuionyesha redio kuwa haiaminiki. Swali la nne limejibiwa. Mwanafunzi ataona kwamba hata habari juu ya uvumi yaweza kuwa uvumi.

Hapo darasa lijadili methali "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Je, ni kweli daima? Wanafunzi watoe mifano ya habari zinazoenezwa leo kwa simu za mkononi, ambako sauti na picha za kughushi zafika kijijini kwa dakika moja. Mwalimu asiruhusu mifano ya kuwataja majirani kwa majina.

Kuunganisha na somo la historia

Wells mwenyewe, katika sura ya kwanza ya kitabu chake, anawakumbusha wasomaji jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na Wazungu. Alikuwa akiwauliza Waingereza: ingekuwaje yakitupata sisi? Mwalimu wa historia aweza kuongeza mifano miwili ya wakati ule. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipiga mizinga jumba la Sultani mjini Zanzibar kwa muda usiofika saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, ilhali upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Na tarehe 2 Septemba 1898, huko Omdurman, Wasudani wapatao 10,000 waliuawa mbele ya bunduki za Maxim na mizinga, na wa upande wa pili hawakufika 50. Kwa mwanafunzi wa pwani yetu, mji kupigwa na mashine zisizojibika si ndoto ya Mirihi. Naye alijua kwamba ndani ya mashine zile mlikuwa na dereva.

Kutathmini

Mwanafunzi apewe habari fupi asiyopata kuiona, aijibu kwa yale maswali manne, na aandike aya moja akieleza kama angeieneza au la, na kwa nini. Alama zitolewe kwa sababu alizozitoa. Anayeandika "siamini chochote" asipewe alama za juu kuliko anayeandika "naamini yote"; wote wawili hawajapima. Na anayesema "nitangoja mpaka nisikie kwa mwingine" aulizwe huyo mwingine amesikia kwa nani.