Sebuleni ama Kanisani: Tukusanyike Wapi?

Masomo: Matendo 2:41-47, Filemoni 1-2, 3 Yohana 9-11

Tangu kamati ya ujenzi isome hesabu zake, kuna swali ninaloulizwa mlangoni karibu kila Jumapili: Pasta, kwani mitume walikuwa na jengo? Si tukutane tu manyumbani kama wao, na hizo pesa za mabati na kokoto ziende kwa wajane? Tena najua kuna familia mbili tatu ambazo siku hizi zinafanya ibada sebuleni badala ya kuja hapa. Sitaki mtu awaite waasi. Swali lao limetoka kwenye Biblia, kwa hivyo na tulijibu kwa Biblia.

Ukweli ni kwamba Agano Jipya limejaa makanisa ya nyumbani. Priska na Akila, wale mafundi wa mahema, walikuwa na kanisa nyumbani kwao Efeso (1 Wakorintho 16:19), na walipohamia Rumi pia wakawa na lingine (Warumi 16:3-5). Ni mume na mke walewale katika miji miwili, na mlango wao uko wazi kote. Kuna Nimfa katika Wakolosai 4:15, kuna Filemoni, kuna Lidia kule Filipi. Anayesema kanisa bila mnara si kanisa, hao wote atawaweka wapi?

Lakini soma Matendo 2:46 pole pole. Wale waumini walikutana hekaluni kila siku, na pia wakamega mkate nyumba kwa nyumba. Ni yote mawili. Kule Efeso Paulo alifundisha miaka miwili katika darasa la Tirano (Matendo 19:9-10). Kama alilipa kodi hatuambiwi, lakini ilikuwa mahali pa watu wengi, si sebule. Na alipowaaga wazee wa Efeso aliwakumbusha kwamba aliwafundisha hadharani na pia nyumbani kwao (Matendo 20:20). Kwa hivyo anayekuja na nusu ya kitabu cha Matendo, mwombe kwa upole alete na hiyo nusu nyingine.

Wengine hudai majengo yaliletwa na Kaisari Konstantino baada ya mwaka 313. Sivyo kabisa. Kule Dura-Europos, mji wa Siria ukingoni mwa mto Frati, wachimbaji wa mambo ya kale walipata katika miaka ya 1930 nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kuwa kanisa karibu mwaka 240. Wakristo wa pale walikuwa wamebomoa ukuta kati ya vyumba viwili wapate ukumbi wa watu kama 70, na chumba kingine wakakifanya mahali pa ubatizo, na picha ukutani. Hiyo ni miaka 70 hivi kabla ya Konstantino kuwapa Wakristo uhuru. Watu walizidi sebule, basi.

Mfano tunaopenda kutaja ni China. Mapinduzi ya Utamaduni yalipoanza mwaka 1966, makanisa yalifungwa, na waumini wakaomba manyumbani kwa sauti ya chini. Makanisa yaliporuhusiwa tena mwaka 1979, wengi walibaki manyumbani kwa sababu hawakutaka serikali iwachagulie mahubiri. Nawaheshimu sana. Lakini kanisa moja lao la Beijing, Shouwang, lililoanza kama darasa dogo la Biblia nyumbani, lilikua mpaka mwaka 2009 likanunua ofisi ili watu wote waketi pamoja. Wakazuiwa kuitumia, na mwaka 2011 wakaanza kuabudu nje, huku polisi wakiwakamata. Watu hao waliijua sebule kuliko sisi, na bado walikubali kukamatwa kwa ajili ya kukusanyika mahali pamoja.

Sasa mambo ya pesa, kwa sababu nilisomea biashara na siwezi kujizuia. Kanisa la nyumbani ni nafuu kweli. Hakuna kodi, hakuna bili ya stima ya vyombo, hakuna mlinzi wa usiku. Mimi naona hiyo ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, na kamati yetu inapaswa kuisikia kabla ya kuagiza lori lingine la mawe. Lakini kuna gharama ambayo haionekani kwenye karatasi. Sadaka ikikusanywa nyumbani kwako, nani anaihesabu? Paulo alipopeleka mchango Yerusalemu alihakikisha wengine wanasafiri nao, asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8:19-21). Kama Paulo alihitaji mashahidi, wewe na mimi je?

Mwangalie Diotrefe katika 3 Yohana. Alipenda kuwa wa kwanza, akakataa wageni, na aliyewakaribisha akamfukuza kanisani. Hatuambiwi walikutana wapi, lakini fikiria mtu kama huyo akiwa mwenye nyumba: kiti ni chake, mlango ni wake, na ukimpinga unatokea huo huo mlango. Nchi yetu iliona Shakahola mwaka 2023. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni. Jambo hilo halikuletwa na ukosefu wa jengo. Mwalimu alikuwa hana wa kumuuliza. Na jengo kubwa nalo si dawa: David Yonggi Cho, aliyejenga kanisa kubwa kuliko yote kule Seoul kwa vikundi vya nyumbani vilivyoongozwa na akina mama, alipatikana na hatia mahakamani mwaka 2014 kwa hasara aliyoisababishia kanisa lake.

Tena nyumba zina matabaka. Kule Korintho watu walikutana kula, wengine wakalewa na wengine wakabaki na njaa (1 Wakorintho 11:20-22). Hata kwetu, ukisema tukutane manyumbani, watu wanamwangalia mwenye makochi na runinga kubwa. Dada anayeishi chumba kimoja kwenye ploti, na choo cha pamoja, ananyamaza. Hapa kanisani angalau viti vya plastiki vinafanana.

Lakini nao wanaokutana sebuleni wametushika pabaya, na lazima tukubali. Hapa mtu anaweza kukaa kiti cha nyuma mwaka mzima, akapoteza kazi, akalala njaa, na akaambiwa tu ageuke amwambie jirani yake kwamba amebarikiwa. Sebuleni haiwezekani. Ndugu zetu Wakatoliki wameshika jumuiya ndogo ndogo tangu miaka ya 1970, na mtaani mkifiwa mtawaona wamefika na sufuria kabla sisi hatujapata habari.

Kwa hivyo wazee wamekubali tuanze vikundi Jumatano jioni, na Jumapili tubaki pamoja. Kikundi kikipita watu 12 kinagawanyika. Mwenye nyumba hatakuwa mwalimu. Sadaka haitachukuliwa huko. Mchango wa mgonjwa ama wa chai utaandikwa kwenye daftari na watu wawili wasio wa familia moja. Mkutano utazunguka nyumba zote, na chumba kimoja kinatosha, mkeka tutakuja nao. Zile familia za sebuleni nimeziomba zipokee vikundi vya kwanza, kwa sababu zinajua kazi hiyo kutuliko. Moja imekubali. Nyingine inataka kwanza kuona hesabu ya ujenzi, na mweka hazina ataipeleka huko Alhamisi.