Kutoka na Watoto Si Jambo la Matajiri Peke Yao

Somo kwa wazazi wenye watoto wadogo na kwa vikundi vya mtaa



Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wakilisikia hucheka: kutoka matembezi pamoja na watoto. Tukilitaja katika mikutano, wengine husema, "Hayo ni mambo ya watu wa Karen na Runda. Sisi tunatafuta unga." Hatuwalaumu. Tunafanya kazi katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, na bei ya unga na kodi ya nyumba tunaijua. Lakini tunawaomba msome kwanza, halafu mwamue.

Tuanze na tuliyoyaona wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukitembelea nyumba kwa nyumba. Katika ploti moja tukasikia sauti ya mtoto ndani ya nyumba iliyofungwa kwa kufuli nje. Jirani akatuambia, "Mama yake ameenda kufulia watu nguo. Atarudi saa tisa." Tukangoja. Mama alipofungua, tulimkuta msichana wa karibu miaka 3 ameketi kitandani, katika chumba cha futi kumi kwa kumi. Televisheni ilikuwa ikiwaka, na chakula chake kilikuwa kimefunikwa vizuri.

Mama huyo hakuwa mtu mbaya. Alituambia, "Mwalimu, nikimwacha nje atagongwa na pikipiki ama aibiwe. Hapa najua yuko." Tulimweleza kwamba kufuli si ulinzi, kwa maana moto ukishika mabati hayo hakuna atakayemfungulia mtoto. Alijua. Hakuwa na njia nyingine. Tulimwuliza mtoto jina lake, akatuangalia tu. Maneno aliyokuwa nayo yalihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Baadaye mama huyo na familia nyingine 8 za ploti za karibu walikubali kwenda pamoja nasi kwenye bustani moja ya umma, Jumapili alasiri. Tulipomweka yule msichana chini, alikunja miguu akakataa kukanyaga nyasi. Alikuwa hajawahi kuzikanyaga. Mama yake aligeuka akaangalia kando.

KWA NINI MTOTO ATOKE?

Mtoto mdogo hajifunzi kwa kuketi na kuambiwa. Hujifunza kwa miguu, kwa mikono, kwa macho, na kwa kuuliza "hii ni nini?" mara mia kwa siku. Chumba kimoja kina vitu vichache vya kuuliza. Akitoka anaona jani, konokono, gari moshi, fundi anayechomelea mlango, na kila kimoja kinaleta neno jipya ikiwa kuna mtu mzima karibu wa kumjibu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Linasema hivi:

– Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 4 anahitaji kujinyoosha na kucheza kwa jumla ya dakika 180 kila siku, yaani saa 3. Si lazima ziwe mfululizo.
– Mtoto ambaye hajafika mwaka 1 alazwe kifudifudi, akiwa macho, angalau dakika 30 kwa siku, ili shingo na mgongo vipate nguvu.
– Mtoto asifungwe mgongoni au kwenye kiti zaidi ya saa 1 kwa mara moja.
– Mtoto wa chini ya miaka 2 hana haja ya televisheni wala simu. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi.

Tena kucheza ni haki ya mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 1990, unasema hivyo katika kifungu cha 31.

TULIVYOKOSEA SISI WENYEWE

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri, tukajiona mabingwa. Katika safari ya pili tulikuwa na watoto 17. Tulifika, tukatandika leso, akina mama wakaanza kupakua chakula na sisi tukaanza kupiga hadithi. Kila mmoja alidhani mwenzake anaangalia watoto. Tulipowaita kula, mvulana mmoja wa miaka 4 hakuwako.

Tulimtafuta karibu saa nzima. Hatutasahau saa hiyo. Kulikuwa na maji upande mmoja wa bustani na barabara kubwa upande wa pili, na hakuna aliyekumbuka sawasawa mtoto alikuwa amevaa shati la rangi gani. Mwishowe tulimpata karibu na lango, ameketi na mama mmoja muuza njugu. Alikuwa amemfuata mtu wa baluni.

Baba yake hakupaza sauti. Alituuliza tu, "Mwalimu, mmetuletea nini?" Hatukuwa na jibu. Kikundi kilisimama kwa miezi mitatu, na watu wengine walianza kusema kwamba afadhali kufuli.

Aliyetuamsha ni nyanya ya yule mvulana. Alikuja mkutanoni akasema, "Mtoto hakupotea kwa sababu tulitoka. Alipotea kwa sababu hatukuhesabu." Kutokana na maneno hayo tuliandika kanuni zetu, na tunazileta kwenu.

MAMBO SABA YA KUPANGA KABLA YA KUTOKA

1. Jueni mko wangapi. Andikeni majina ya watoto wote kabla ya kuondoka. Wahesabuni mkipanda gari, mkishuka, kila nusu saa mkiwa huko, na mkirudi.

2. Kila mtoto awe na mtu wake. Mtu mzima mmoja asishike zaidi ya watoto 3 wadogo. Wakati wa kupakua chakula, chagueni watu wawili ambao kazi yao ni kuangalia watoto peke yake.

3. Alama. Wavisheni watoto rangi moja, au mfungeni kila mmoja kitambaa cha rangi moja mkononi. Nambari ya simu ya mzazi iandikwe kwa kalamu ndani ya nguo au mkononi.

4. Pahali pa kukutania. Mkifika tu, waonyesheni watoto mti mmoja au sanamu moja: "Ukipotea, simama hapa." Mtoto wa miaka 4 anaweza kukumbuka.

5. Pesa. Msingoje pesa nyingi. Familia 9 zikiweka shilingi 50 kila wiki kwa wiki 8, hizo ni shilingi 3,600. Mmoja ashike daftari, mwingine ashike pesa. Atakayekosa mchango asiachwe nyumbani kwa aibu. Aje na maji ya kunywa au mkeka. Mkiwakodi watu wa matatu, elewaneni bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda.

6. Chakula. Bebeni cha nyumbani: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, ndizi, maandazi, uji kwenye thamosi. Maji yawe yamechemshwa. Msisahau sabuni na maji ya kunawa. Kumbukeni kwamba njugu na vipande vigumu vinaweza kumkaba mtoto mdogo.

7. Ruhusa. Ukimchukua mtoto wa jirani, mzazi wake akubali kwa mdomo wake, si kwa kutumana. Mjue pia kama mtoto ana pumu, kifafa au dawa ya kunywa.

Na ikitokea mtoto amepotea, wachache wabaki na watoto wengine, mmoja aende langoni, wengine watafute, wakianzia penye maji na penye barabara. Askari wa bustani aambiwe mara moja. Asipopatikana haraka, nendeni polisi. Msingoje kupita saa 24 kama watu wanavyosema. Nambari 116 ya simu ya watoto nchini Kenya ni ya bure.

TWENDE WAPI?

Anzeni karibu. Si lazima kupanda gari. Mtoto wa miaka 2 anatosheka na kwenda kumwona fundi wa jua kali, kuhesabu kuku wa jirani, au kumwagilia sukuma wiki iliyopandwa kwenye gunia. Vikundi vingine vimeomba uwanja wa shule au wa kanisa Jumamosi moja kwa mwezi. Hapo wazazi huwafundisha watoto michezo waliyocheza wenyewe: tapo, brikicho, kati, kalongolongo. Mpira wa makaratasi ya nailoni haununuliwi.

Kuna pia maktaba. Maktaba ya McMillan katikati ya jiji ilifunguliwa mwaka 1931, na wakati wa ukoloni ilikuwa ya Wazungu peke yao. Leo ni mali ya umma, nayo ina matawi Kaloleni na Makadara, huku kwetu Eastlands. Mtoto ambaye hajui kusoma anaweza kufungua kitabu cha picha akiwa mapajani mwa mzazi. Hata mzazi ambaye hakusoma sana anaweza kusimulia picha.

Mkiwa tayari kwenda mbali kidogo, Nairobi ina pahali pengi:

– Bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji huu bustani hiyo mwaka 1906.
– City Park, upande wa Parklands. Ndipo alipozikwa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais. Ina miti mikubwa na tumbili wengi. Tumbili hawana adabu. Watamnyang'anya mtoto ndizi mkononi. Msiwalishe.
– Msitu wa Karura. Watoto wakikimbia humo waambieni kwamba mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea usinyakuliwe.
– Makavazi ya Reli, karibu na stesheni ya gari moshi. Kuna vichwa vya gari moshi vya zamani ambavyo watoto hupenda sana. Kuna pia behewa ambalo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Hadithi hiyo wawekeeni wakubwa.

Wasomaji wetu wa Mombasa wana ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta na Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Lakini penye bahari, ziwa au mto, mtoto awe umbali wa mkono wako. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele.

Ulizeni kiingilio na saa za kufungua kabla ya kwenda. Siku hizi pahali pengi hulipwa kwa simu, kwa hiyo mmoja wenu awe na salio.

MKIWA HUKO

Zimeni simu, isipokuwa moja ya dharura. Ongeeni na mtoto kwa lugha mnayoijua vizuri, iwe Kikamba, Kiluo, Kikuyu, Kiluhya au Kiswahili. Akiuliza, jibuni. Msipojua, semeni, "Hebu tuangalie pamoja." Msimkataze kila kitu. Nguo iliyochafuka itafuliwa.

Angalieni pia jinsi watoto wanavyokua. Mtoto aliyefika miaka 2 na bado haunganishi maneno mawili, kama "mama kuja", apelekwe kliniki. Asiyegeuka akiitwa apimwe masikio. Haya huonekana vizuri mtoto akiwa na wenzake.

NENO KWA AKINA BABA

Baba mmoja alituambia, "Siku moja tu ya kupumzika niko nayo, na mnataka niende kuangalia tumbili?" Tulicheka pamoja naye. Hatukumlazimisha. Alikuja safari ya nne kwa sababu mtoto wake alimwuliza mbona baba za wengine wanakuja. Akapewa kazi ya kuhesabu watoto, na mpaka sasa hakuna anayeweza kumpokonya kazi hiyo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kulea hakumalizwi na karo.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Tunajua mtauliza juu ya yule msichana. Hatutasema kwamba nyasi zilimponya. Mama yake alimpeleka kliniki, akasaidiwa huko. Lakini kuna jambo lililotokea ambalo sisi hatukulipanga. Katika safari zile akina mama wa ploti tatu walianza kujuana. Zamani walikuwa wakigombana juu ya maji na kamba za kuanikia nguo. Sasa mmoja alikuwa amembeba mtoto wa mwenzake usingizini ndani ya matatu. Wakakaa chini, wakapanga zamu: kila siku mama mmoja anabaki na watoto wadogo, na wengine wanamtolea kitu kidogo kwa siku yake ya kazi.

Kufuli ikatoka mlangoni. Matembezi ya siku moja hayawezi kulea mtoto wiki nzima, lakini yanaweza kuwapatanisha majirani watakaomlea. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika ploti au kijiji chetu, ni watoto wangapi hukaa ndani siku nzima? Tunawajua majina?
2. Wiki iliyopita, mtoto wako alicheza nje saa ngapi? Alikaa mbele ya televisheni au simu saa ngapi?
3. Ni pahali gani pa umma karibu nasi ambapo watoto wanaweza kucheza? Pana hatari gani, na nani atapatengeneza?
4. Nani kati yetu anaweza kubaki na watoto kwa zamu?

KAZI YA MWEZI HUU

Chagueni alasiri moja. Tembeeni na watoto wenu kwa miguu, si mbali, familia mbili au tatu tu. Andikeni majina kabla ya kutoka, na mkirudi hesabuni.