SOMO LA FAMILIA: UA LA USAMBARA DIRISHANI



Somo la mwezi huu ni la mikono kuliko la daftari. Mama mmoja wa kanisa letu hapa Batsinda alipopata safari ya kwenda Marekani na watoto wake, aliniachia ua lake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mizigo ilipimwa kwa kilo, na mmea wenye udongo hauvuki mipaka hivi hivi. Aliniambia, "Pasta, lisife." Nikajibu haraka kwamba halitakufa. Sikuwa nimewahi kutunza ua hata moja. Kwetu tulilima mihogo na maharage, na muhogo haubembelezwi.

Baada ya wiki tano majani yakalegea. Mama akapiga simu: "Ua langu likoje?" Nikasema, "Liko salama." Wapendwa, nilisema uongo. Nawaandikia niliyojifunza baada ya hapo, ili mwenye ua nyumbani asipite njia yangu.

1. Ua hili limetoka wapi

Wengi wanaliita violeti ya Afrika. Lina majani ya mviringo yenye manyoya kama kitambaa cha mahameli, na maua madogo ya zambarau, ya waridi au meupe. Wanaoliona katika maduka ya Ulaya hudhani ni mmea wa huko. Sivyo. Ni la milima ya Tanzania na Kenya, hasa Usambara, karibu na Tanga. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliliona huko, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Hata jina hilo limehamishwa: tangu mwaka 2015 wataalamu wanaliweka katika kundi la Streptocarpus.

Leo linauzwa duniani kote, lakini kwao baadhi ya aina zake ziko hatarini kwa sababu misitu imekatwa. Sehemu ya msitu wake inalindwa katika Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997.

Kwa nini tujue hayo? Kwa sababu mmea hauachi desturi za kwao. Huko Usambara huota kwenye nyufa za mawe, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Hewa ina unyevu, mwanga ni wa kuchujwa, na maji ya mvua hupita kwenye jiwe yakaenda zake. Mizizi hulowa kidogo, kisha hupumua. Anayejua hayo ameshajua nusu ya kazi.

2. Kosa langu

Mimi nilimwagilia kila asubuhi, kikombe kizima, juu ya majani. Majani yalipolegea nikasema lina kiu, nikaongeza kikombe cha jioni. Kesho yake likalegea zaidi.

Nikalipeleka kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara. Alitia kidole kwenye udongo, akacheka kidogo: "Mzee, hili halina kiu. Linazama." Alilitoa kwenye kopo. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama ndizi iliyooza. Kopo halikuwa na tundu hata moja.

Hapa ndipo wanaoanza hudanganyika. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, hivyo majani hulegea kwa kukosa maji huku udongo umejaa maji. Ugonjwa wa kuzama unafanana kabisa na ugonjwa wa kiu. Aliyetazama majani peke yake huongeza maji, naye ndiye anayeua.

3. Namna ya kulitunza

(a) Uliza udongo kwanza. Tia kidole. Ukikuta unyevu, liache. Udongo wa juu ukikauka, ndipo upe maji.

(b) Nyweshea chini. Toboa kopo kwa msumari, matundu manne au matano. Liweke kwenye sahani yenye maji kwa nusu saa hivi, likinyonya, kisha mwaga yaliyobaki. Lisikae ndani ya maji siku nzima.

(c) Maji yasiwe baridi. Maji baridi yakianguka juu ya majani huacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Hapa kwetu maji hukaa kwenye bidoni, na hilo ni jambo zuri: yakilala ndani ya nyumba usiku mmoja, hupata joto la chumba.

(d) Udongo uwe mwepesi. Changanya mboji, mchanga wa chengachenga na makaa yaliyopondwa. Udongo mwekundu wa mlimani peke yake hushikamana na kunyima mizizi hewa. Kopo lisiwe kubwa, maana udongo mwingi kuliko mizizi hukaa na maji.

(e) Mwanga mwingi, jua kali hapana. Dirisha la mashariki hufaa. Vikonyo vikirefuka vikitafuta dirisha, mwanga ni mdogo. Majani yakipauka na kujikunja, jua limezidi. Tena kumbukeni, sisi tuko karibu na ikweta: katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini, na mwisho wa mwaka upande wa kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli mwezi wa sita linaweza kuwa na jua mwezi wa kumi na mbili. Lisogezeni.

4. Jani moja linatosha

Mmea wangu haukupona. Mama yule wa miche alikata jani moja lililobaki gumu, pamoja na kikonyo chake cha urefu wa sentimita tatu hivi, akakata mshazari. Akanifundisha kulichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kisha kulifunika kwa glasi ili hewa isikauke. Mifuko ya plastiki, mnajua, imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, nayo glasi inafanya kazi ileile.

Kwa mwezi mzima sikuona kitu. Binti yangu alitaka kulivuta aone kama lina mizizi, nikamkataza. Anayevuta kila siku huikata mizizi inayoanza. Mwezi wa tatu tukaona vijani vitatu vidogo kama masikio ya panya, vikitoka udongoni chini ya jani la zamani. Vilipokua tuliviganua, kila kimoja na kopo lake. Ua la kwanza lilitoka mwezi wa tisa, la zambarau kama mama yake.

Lakini kabla ya ua hilo, nilipiga simu Marekani. Nikamwambia, "Mama, nilikudanganya. Ua lako nililizamisha. Limebaki jani moja." Akanyamaza kidogo, nikasikia watoto nyuma yake wakisema Kiingereza. Kisha akauliza, "Hilo jani, umelifunika?" Kumbe yeye mwenyewe alilipata hivyo, jani moja kutoka kwa jirani.

Wapendwa, sisi sote hapa tumeng'olewa mahali fulani. Tunapowapokea wageni, na tunapowalea watoto wetu walionyamaza, tukumbuke lile kopo. Upendo usiouliza unaweza kuzamisha. Tutie kidole kwenye udongo kwanza. Na asomaye Luka 13:6-9 amtazame mtunza shamba: aliomba mwaka mmoja zaidi, naye alisema atafanya nini katika mwaka huo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni nani nyumbani mwetu tunayempa tusichomuuliza kama anakihitaji?
2. Je, kuna "liko salama" ambalo mmoja wetu anapaswa kwenda kulisahihisha?
3. Ni kitu gani tulichodhani kimekufa, kumbe kimebakiza jani moja?

Makopo mawili yako kwangu. Familia itakayotaka jani, ije baada ya ibada na kopo lililotobolewa. Bwana awabariki.