Ushuhuda wa Kijana wa Muyinga

*Shangazi, mimi ni Muha wa Kasulu. Kanisa letu lilinichukua kwenye safari ya injili Burundi kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana, nikawa mkalimani. Gitega bibi mmoja aliinua mkono akaongozwa sala ya toba. Baadaye akaniambia ni Mkatoliki tangu utotoni. Alidhani tunaombea wagonjwa. Muyinga kijana wa familia ya Kiislamu alimpokea Yesu, kisha akaninong'oneza kwamba alifuata mchele na madaftari. Ripoti inasema wote wameokoka. Jumapili natakiwa nisome ushuhuda wa kijana, picha yake ikiwa ukutani, ndipo sadaka ipitishwe. Nikikataa, nitaonekana napinga kazi ya Mungu.*
*Mkalimani*

Mdogo wangu, usisome.

Picha kwanza. Muyinga ina Waislamu wengi kuliko sehemu nyingi za Burundi, na huyo kijana bado anaishi na watu wake. Picha ikiingia kwenye kundi la kwaya leo, kesho imevuka mpaka wa Kobero, keshokutwa iko kwenye simu ya mjomba wake. Ninyi mtakuwa Kasulu. Atakayeulizwa ni yeye.

Bibi wa Gitega hana ugumu: mfuteni kwenye ripoti. Mugera, si mbali na hapo, Mapadre Weupe walifungua misheni mwaka 1899, na kila Agosti 15 mahujaji humiminika huko kwa Bikira Maria. Kumwandika Mkatoliki wa Gitega kuwa mavuno mapya ni kuvuna shamba la jirani.

Kijana ndiye anayenipa kazi. Sisemi alidanganya. Miaka ya 1930, Wabelgiji walipokuwa wakipendelea machifu waliobatizwa, Warundi kwa maelfu waliomba ubatizo, na siamini kwamba wote walisukumwa na Roho Mtakatifu peke yake. Wengine imani iliwakolea baadaye. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliliona hilo mapema, akaagiza mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa. Minne! Ninyi mlitumia jioni moja na spika.

Halafu kumbuka uamsho wa Gahini, Rwanda, wa miaka hiyohiyo ya 1930, uliofika hadi Burundi. Aliyeokoka alisimama mbele ya majirani, akataja alichoiba, akakirudisha. Waliomsikiliza waliweza kumwambia, "Mwongo wewe, mbuzi wangu yuko wapi?" Ushuhuda wa kijana wako utasomwa ng'ambo ya mpaka kwa watu wasiomjua, na anayejua kilichoachwa nje ni wewe peke yako.

Mwendee mchungaji kabla ya Jumapili, wewe na yeye tu, si mbele ya kamati. Mwambie: "Baba, kijana hajaniruhusu kumtangaza, na yaliyoandikwa siyo yote niliyoyasikia." Alichokunong'oneza kibaki kwako. Kama fedha zinahitajika, waambie waumini wazi kwamba zitanunua madaftari ya watoto wa Muyinga. Mimi nawajua watu wa Kasulu. Kwa hilo tu watatoa.

Akikasirika na kumpa mwingine asome, omba jina lifutwe na picha ishushwe. Hapo usirudi nyuma, hata wakikutoa kwenye safari ijayo.