SOMO LA KWARESIMA: JE, MATESO NI ADHABU YA MUNGU?



Somo hili ni la kutumiwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo wakati huu wa Kwaresima. Mmoja wetu asome Luka 13:1-9 kwa sauti, pole pole. Tunyamaze kidogo, halafu tuendelee.

TUONE

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mvua ikiwa nyingi, njia ya maji iliyopita chini ya reli karibu na Mai Mahiu iliziba. Maji yakajaa nyuma ya tuta, kisha yakapasua. Nyumba zilisombwa watu wakiwa wamelala. Waliokufa walikuwa zaidi ya 40.

Baada ya msiba kama huo, maneno hayakosi: "Lazima kuna kitu walifanya." Sisi tunaotembelea familia nyumba kwa nyumba tunayasikia hata juu ya mama aliyezika mtoto, au mgonjwa wa ukimwi. Maneno hayo ni kama kumpiga mtu mahali penye kidonda. Anaanza kujificha, haji tena jumuiya. Hata Mungu anamwona kama askari mwenye rungu.

TUPIME

Wakati wa Yesu, mnara wa Siloamu kule Yerusalemu ulianguka ukaua watu 18. Yesu aliuliza kama hao walikuwa na makosa kuliko wakaaji wengine wote wa mji. Alijibu mwenyewe kwamba sivyo. Halafu aliwaambia waliokuwa wakimsikiliza watubu wao. Basi hakuna aliyetumwa kuchunguza dhambi za marehemu. Anayeitwa kutubu ni huyu aliye hai, mimi na wewe.

Mara Yesu akaleta mfano wa mtini. Miaka mitatu haukuzaa, mwenye shamba akataka ukatwe. Mtunzaji akauombea mwaka mmoja zaidi, aulimie na kuutia samadi. Sisi wakulima tunaelewa: hakuna mtu anayebeba samadi kupeleka kwa mti asioupenda. Mungu anatupa muda na anatuhudumia, lakini anangojea matunda.

TUTENDE

Toba si majivu ya siku moja, wala si kukosa nyama tu. Zakayo alipotubu (Luka 19:8), aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kumrudishia aliyemdhulumu mara nne. Tukishapokea Sakramenti ya Kitubio, tuone pia kazi iliyobaki:

- Aliyesema vibaya juu ya mfiwa aende amwombe msamaha. Akiweza, abebe unga kidogo.
- Aliyekata miti kando ya mto apande mingine.
- Tunaotupa takataka kwa mtaro tutoke pamoja Jumamosi moja tuuzibue kabla ya mvua ya masika.
- Aliyegawa chakula cha msaada kwa jamaa zake peke yao arudishe haki ya wajane na wazee.

MASWALI

1. Katika mtaa wetu, ni nani ameacha kuja jumuiya kwa sababu ya maneno ya watu?
2. Nani atamtembelea wiki hii, na siku gani?
3. Ni hatari gani tunayoijua hapa kwetu, nasi tunangoja mpaka ilete msiba?

Mwandishi wa jumuiya aandike majibu. Tukikutana wiki ijayo, tuanze kwa kuulizana kama tumefanya.

Mungu Baba atupe moyo wa toba, na awafariji wote wanaoteseka. Amina.