Kwa Nini Gari Lilipanda Kinyumenyume

Aprili mvua ikinyesha hapa kwetu Amukura, kilima kidogo tu huishinda Probox. Mwaka jana tulikuwa tunampeleka nyanya hospitalini Busia, gari likakwama mlimani. Dereva akakanyaga mafuta, tairi zikazunguka bure zikichimba shimo. Nyanya anakohoa tu.

Sababu ni hii. Gari hilo huvutwa na magurudumu ya mbele, nayo hushika ardhi kwa kuwa injini imeyakalia. Likipanda mlima, uzito hurudi nyuma. Sisi nasi tulikuwa watatu kwenye buti! Mbele ikawa nyepesi, msuguano ukapungua.

Mzee mmoja akasema tushuke sote, nyanya abaki kiti cha mbele. Tukatandika nyasi na matawi, dereva akatia gia ya pili, akaenda polepole. Likasogea, likateleza tena. Ndipo akarudi hadi tambarare, akaligeuza, akapanda kinyumenyume. Sasa injini ilikuwa upande wa chini, uzito ukalalia magurudumu yale yale yanayovuta. Likatoka!

Nyanya alifika Busia saa tano. Sisi wasukumaji tulirudi nyumbani kwa miguu, tope mpaka kwenye nyusi.